Rangi si Ugonjwa



Katika mikutano yetu tunazungumza juu ya sala, uchumba, masomo, amani ya nchi na matumizi ya simu. Juu ya ngozi hatuzungumzi. Hata hivyo, kila ninapomaliza mafundisho ya afya katika ukumbi wa parokia, swali la kwanza ninaloletewa faraghani, kwa sauti ya chini, linahusu ngozi: chunusi zisizokwisha, mabaka ya mashavuni, upele uliotoka bwenini, au kopo lililonunuliwa sokoni ambalo mafuta yake sasa yanachoma. Kijana anaona haya kuuliza mbele ya wenzake, kwa sababu uso haufichiki, na kila mmoja anadhani kwamba uso wake peke yake ndio unaotazamwa.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Bukavu. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka 19, na kwa miaka 10 nimekuwa pia mlezi wa vijana parokiani. Katika tafakari hii nataka kusema jambo moja: tujifunze kutenganisha ugonjwa wa ngozi na rangi ya ngozi. Ugonjwa hutibiwa. Rangi haitibiwi, kwa kuwa si ugonjwa. Mtu asiyetenganisha mambo hayo mawili huacha ugonjwa wake bila dawa, kisha huitafutia dawa sehemu ya mwili iliyo nzima.

Kazi aliyopewa ngozi

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili. Inazuia vijidudu visiingie, inatunza maji yaliyo ndani yetu, inatupoza kwa jasho, na kwa maumivu inatuonya kabla hatujaungua. Katika tabaka lake la juu mna chembe zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi inayotupa weusi au maji ya kunde. Watu wa mataifa yote wana idadi ya chembe hizo inayokaribiana. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini ambayo chembe hizo hutengeneza.

Melanini ni mwavuli. Hupokea miali mikali ya jua kabla haijafika ndani na kuharibu chembe changa. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, tena juu ya milima ya Kivu ambako jua huwa kali hata siku yenye ubaridi, tumepewa mwavuli mnene. Mkitaka kuelewa thamani yake, watazameni ndugu zetu wenye ualbino, ambao mwili wao hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa. Wao wanalazimika kuvaa kofia pana na mikono mirefu, kujipaka mafuta ya kukinga jua na kutafuta kivuli tangu utotoni, la sivyo ngozi yao hupata vidonda na hata saratani. Mama mmoja wa shirika letu ana mtoto mwenye ualbino, na kila mwezi anajinyima ili amnunulie mtoto huyo mafuta ya kinga. Wakati huohuo, nyumba ya pili kutoka kwake, kuna watu wanaotumia fedha za chakula kuutoboa mwavuli waliopewa bure.

Katika Wimbo Ulio Bora yumo msichana mwenye ngozi nyeusi aliyechomwa na jua kwa kulinda mizabibu. Anajua kwamba watu wanamtazama. Yeye mwenyewe hutaja weusi wake na uzuri wake kwa pumzi moja, wala hamwombi radhi mtu yeyote. Mtume Paulo naye aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nao si mali yetu tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288 na 2289, inashika pande zote mbili za fundisho hilo: afya ni zawadi tunayopaswa kuitunza kwa busara, lakini mwili usigeuzwe kuwa sanamu ambayo kila kitu kinatolewa sadaka mbele yake. Basi, kuitunza ngozi si majivuno. Kuitesa ili ifanane na picha fulani ni jambo lingine.

Yale yanayotibika

Nianze na magonjwa yenyewe, kwa maana wengi wenu mnateseka bure kwa mambo ambayo dawa yake inajulikana.

Chunusi huwapata vijana wengi sana wanapobalehe. Homoni huziamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, vinyweleo vinaziba, vijidudu vinazaliana ndani na uvimbe unatokea. Si uchafu, si dhambi, wala si dalili ya mwenendo mbaya kama wanavyosema baadhi ya watu wazima. Uoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usisugue, usikamue, na usipake mafuta mazito usoni. Zikizidi, mganga anaweza kukuandikia dawa ya kupaka kama benzoili peroksidi. Inahitaji uvumilivu wa wiki 6 hadi 8, na mara nyingine miezi 3, kabla matokeo hayajaonekana vizuri. Wengi huacha katika wiki ya pili, wakakimbilia kopo linaloahidi siku 3. Yale madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi hufifia polepole yenyewe, alimradi hatuyakamui na tunayakinga na jua.

Upele wa kuwasha usiku, unaotokea katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, huletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi. Unaenea bwenini na nyumbani ambako watu wanalala pamoja. Dawa zipo, kwa mfano benzili benzoati. Lakini kanuni yake ni moja: watibiwe wote wa nyumba siku moja, hata wasiojikuna, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Anayejitibu peke yake kwa sababu ya aibu ataambukizwa tena na ndugu yake usiku uleule. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 au 3 baada ya mdudu kufa, kwa hiyo msikate tamaa mapema.

Choa, yale mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka, pamoja na mapunye ya kichwani, huletwa na kuvu. Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Mtu anapaka krimu yenye kortizoni, mwasho unatulia, anafurahi. Kumbe kortizoni imewalaza walinzi wa mwili, na kuvu inatembea kwa raha. Baada ya mwezi, baka moja limekuwa kumi.

Mabaka ya kahawia yanayotokea mashavuni mwa mama mjamzito husababishwa na homoni na kuzidishwa na jua. Mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Kofia au mwavuli wa kitambaa humsaidia kuliko kopo.

Kisha kuna dalili ambazo hazingoji. Baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi unapoligusa huenda likawa ukoma. Nchi yetu ingali miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wapya wengi. Dawa zake hutolewa bure, hunywewa kwa miezi 6 au 12, na zinaponya kabisa. Anayechelewa kwa aibu ndiye anayepoteza vidole. Vipele vyenye usaha vinavyokuja pamoja na homa na uvimbe wa tezi vinaweza kuwa mpox, ugonjwa ambao mgonjwa wake wa kwanza kati ya binadamu alitambuliwa katika nchi yetu mwaka 1970, na ambao mwaka 2024 ulitangazwa tena kuwa dharura ya afya ya dunia. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake chochote ili kuficha.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu mganga na kuzipokea dawa kama vipaji vya Mungu, bila kuacha sala. Ndivyo ninavyowaambia vijana wanaoniuliza kama yafaa kuombea chunusi: ombea, kisha uje kituoni.

Kilicho ndani ya kopo

Sasa tuingie sokoni. Makopo yanayoahidi weupe yanapendeza macho: picha ya uso unaong'aa, neno la Kifaransa éclaircissant, rangi ya dhahabu kwenye kifuniko. Ndani yake hupatikana mara nyingi kimoja kati ya vitu vitatu, au viwili kwa pamoja.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Inazuia chembe za ngozi zisitengeneze melanini. Daktari wa ngozi anaweza kuitumia kwa kiasi kidogo, mahali padogo, kwa muda mfupi. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, ngozi hulipiza: mashavu na maeneo yaliyo karibu na macho hugeuka meusi yenye ubuluu, yakakwaruza kama mchanga, na doa hilo karibu halitoki tena. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, baada ya madaktari kuona nyuso nyingi zilizoharibika hivyo. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001.

Cha pili ni zebaki. Vijana waliowahi kufika kwenye machimbo ya dhahabu wanaijua: ni ile maji ya fedha inayokamata vumbi la dhahabu. Katika krimu na sabuni huingizwa kwa siri au kwa jina lingine. Hupita kwenye ngozi, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, ikamfikia mtoto aliye tumboni. Mvuke wake na mabaki yake kwenye taulo na mashuka huwafikia hata wale wa nyumbani wasiojipaka. Mkataba wa Minamata, unaobeba jina la mji wa Japani ulioteswa na zebaki, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyoongezewa zebaki ifikapo mwaka 2025. Karatasi zimetiwa sahihi, lakini makopo bado yanasafiri.

Cha tatu ni kortizoni kali, kama vile klobetasoli na betametasoni. Ni dawa njema mikononi mwa mganga: humtuliza mgonjwa wa ukurutu kwa siku chache. Lakini hupunguza pia rangi, na kwa sababu hiyo imegeuzwa kuwa kipodozi. Ikipakwa kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi inachora mapaja na tumbo, nywele zinaota usoni, chunusi zinafumuka. Ikipakwa mwili mzima huingia katika damu, ikapandisha sukari na shinikizo la damu, na mwili ukaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ndiyo maana aliyeitumia muda mrefu asiiache kwa ghafla peke yake. Aende kwa mganga, aseme ukweli wote, apunguziwe hatua kwa hatua.

Siongezi mengi juu ya wale wanaochanganya krimu na javeli nyuma ya nyumba, au wanaochoma sindano za weupe chumbani. Javeli imetengenezwa kwa ajili ya sakafu. Na sindano isiyoandikwa na mganga inaweza kuingiza katika mshipa kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukitoa.

Dada mmoja wa kwaya

Nitawasimulia jambo nililoliona, na mwenyewe ameniruhusu nilisimulie bila jina lake. Dada huyu alikuwa mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza. Alipochumbiwa, alisikia mara mbili au tatu watu wa upande wa mchumba wake wakimsifu wifi mmoja kwa weupe wake. Hakuna aliyemtukana. Alisifiwa mwingine tu mbele yake. Akanunua tubu ndogo ya kortizoni, akaichanganya katika losheni yake ya kila siku. Siku ya arusi watu wote walimwambia amependeza. Akaendelea, kwa maana aliyesifiwa kwa rangi atawezaje kuiacha irudi?

Mwaka wa pili alipata mimba, na mtoto akakaa vibaya. Ikabidi apasuliwe. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama na mtoto akalia. Lakini siku ya nane, nyuzi zilipokuwa zikitolewa, kidonda kilifunguka. Ngozi haikuwa na nguvu ya kushikana. Kilisafishwa, kikashonwa, kikaoza pembeni, kikafunguka tena. Kwa wiki 6 alilala hospitalini, na bibi ya mtoto ndiye aliyekuwa akimleta mchanga huyo kunyonya, asubuhi na jioni, akipanda na kushuka milima ya mji wetu. Familia iliuza mbuzi, kisha ikakopa.

Alipona. Leo anaimba tena, ingawa anakaa akiimba, kwa sababu tumbo lilibaki dhaifu. Siku moja aliniambia: "Mama, nilidhani ninanunua mafuta. Kumbe nilikuwa ninanunua dawa bila mganga, kwa ugonjwa ambao sikuwa nao."

Sisimulii haya ili tumnyoshee kidole. Nilipoyatafakari niliona kwamba kopo lile lilianza kufunguliwa kabla hajalinunua. Lilifunguliwa na sifa zetu. Tunamwambia rafiki aliyerudi kutoka safari, "Umekuwa mweupe, umependeza," kana kwamba maneno hayo mawili yana maana moja. Tunampa mtoto jina la utani la makaa, tukicheka. Vijana wa kiume, nanyi semeni kweli mioyoni mwenu: mnapoonyeshana picha za wasichana katika simu, ni rangi gani mnayoisifu? Dada zenu wanasikia. Nao vijana wa kiume wanaojipaka kwa siri wanaongezeka. Ninawaona kituoni wakija na michirizi ya mabega wanayoiita alama za mazoezi.

Meza ya muuzaji

Baada ya mafundisho niliyotoa juu ya mambo haya, kijana mmoja wa kikundi chetu alinifuata, amekasirika. Alikuwa na meza ya vipodozi sokoni. Kwa faida ya meza hiyo alilipa minervale ya wadogo zake wawili, kwa kuwa baba yao alifariki.

"Mama," akaniambia, "umeniharibia soko. Yale makopo ndiyo yanayotoka. Vazelini inakaa mezani wiki nzima. Nikiacha kuuza, jirani yangu atauza. Watu hawatakuwa weusi zaidi, ni wadogo zangu tu watakaofukuzwa shule."

Sikuwa na jibu jepesi, na sikutaka kumpa jibu jepesi. Mwenye tumbo lililoshiba asimhubirie haraka mwenye njaa. Nilimwuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ungempaka mdogo wako kopo lile?" Akanyamaza.

Katika mkutano uliofuata tulisoma pamoja maisha ya Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Kazi yake katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa ilimweka mpakani, mahali ambapo kijana mwenye sahihi anaweza kutajirika upesi. Mwaka 2007 alikataa rushwa aliyotolewa ili aruhusu mchele ulioharibika upite na kuuzwa kwa watu. Mwezi wa Julai mwaka huo alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenyeheri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tazameni vema kitu alichokifia. Ni magunia ya mchele, bidhaa ya kawaida kama kopo la mafuta. Watu ambao wangeula hakuwajua kwa majina. Angeweza kujiambia kwamba asiporuhusu yeye, ataruhusu mwingine. Utakatifu wake ulipita katika swali ambalo kila mchuuzi, mnunuzi na mkaguzi hukutana nalo: je, kitu hiki kitamfanya nini yule atakayekitumia?

Yule kijana alitafakari kwa majuma mengi. Kwanza aliondoa mezani sabuni na krimu zisizo na jina la mtengenezaji. Kisha akaacha tubu za kortizoni. Mwisho akaacha makopo yote ya weupe. Leo anauza vazelini, gliserini, sabuni za kawaida, mafuta ya nazi, nyembe na pedi za wasichana. Faida yake ilishuka karibu nusu. Mdogo wake mmoja alikosa muhula mmoja wa masomo kabla kikundi hakijachanga. Na niseme ukweli unaotuhusu: baadhi ya wale waliompigia makofi ukumbini walikwenda kununua makopo yaleyale kwenye meza ya jirani yake. Tulimwachia msalaba, tukabaki na pongezi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko letu kizuri nacho kinahitaji wanunuzi.

Namna ya kuchagua

Niwaachie mambo machache ya kushika.

Kabla ya kununua, soma. Kopo lisilo na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, liache. Yatafute maneno haya katika maandishi madogo: hydroquinone, clobétasol, bétaméthasone, mercure, calomel. Ukiyaona katika kitu kinachouzwa kama kipodozi, kirudishe. Kopo likikuonya usiliguse ukiwa umevaa pete au mkufu wa dhahabu au fedha, shuku zebaki. Likiahidi weupe kwa siku chache, amini kwamba linasema kweli, nawe uogope kwa sababu hiyo.

Kwa ngozi nzima, vitu vya bei ndogo vinatosha: sabuni isiyo kali, vazelini au gliserini iliyochanganywa na maji kidogo, ipakwe mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Kitu kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku 2. Kikiwasha au kikivimbisha, usikipeleke usoni.

Kwa ngozi inayougua, mwone muuguzi au mganga kabla ya kumwona muuzaji. Nenda na makopo yote unayotumia, hata yale unayoyaonea haya. Sisi wa kituoni hatuwezi kutibu tusichoonyeshwa. Na kama umekwisha kuzoea krimu ya kortizoni, au kama unatarajia kujifungua au kupasuliwa, sema mapema. Neno moja lililosemwa kwa wakati linaweza kuokoa kidonda.

Kwa ngozi ya mwenzako, chunga ulimi. Msifu kwa afya yake, kwa tabasamu lake, kwa kazi ya mikono yake. Mungu alipotazama alichokiumba aliona kuwa ni chema sana, na sisi tulikuwamo.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Katika familia na kikundi chetu, ni maneno gani tunayotumia juu ya rangi ya ngozi ambayo yanawajeruhi wengine? Ni neno lipi tunaweza kuliacha kuanzia juma hili?

2. Kila mmoja alete Jumapili ijayo kopo moja analotumia nyumbani, tusome viungo vyake pamoja bila kuchekana. Ni nani katika parokia, muuguzi au mfamasia, tutakayemwalika atusaidie?

3. Je, kuna mwenzetu anayeishi kwa kuuza vitu ambavyo tunajua vinadhuru? Sisi tuko tayari kununua nini kutoka kwake, na kwa muda gani, ili uamuzi mwema usimfukarishe yeye peke yake?